Mnavu wa Abu Hamour

Wanaosema Doha haina majira, kuna jua na kiyoyozi basi, hawajawahi kulinda ukuta. Mzungushe mtu ukuta mmoja mara sita kwa siku, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, uone kama hatajua lini dunia imegeuka ubavu. Gerishon Mwakio alijua. Alikuwa askari wa zamu ya mchana katika mtaa mmoja wa kupanga huko Abu Hamour, nyumba kumi na nane zenye rangi ya mchanga, zote zimezungushiwa ukuta mrefu. Kila baada ya saa mbili ilimbidi auzunguke ukuta huo kwa nje, na kwenye kila kona agusishe kifaa cha kampuni kwenye kitufe cha chuma, ili msimamizi aliyekaa ofisini ajue kwamba askari wake hakulala. Miguu ilifanya kazi ya kampuni. Macho yalikuwa yake mwenyewe.

Alikuwa Mtaita wa Wundanyi, mtoto wa wakulima. Kwao machipuko hayatafutwi. Mtu hufungua mlango akayakanyaga. Doha inabidi uyawinde. Mwisho wa Januari ule wa mwaka 2014 aliyaona yakija mojamoja. Miarobaini ya barabarani ilianza kupukutisha majani ya manjano, na nyuma yake vikachungulia vijani vyekundu vilivyong'aa. Siku ya pili hudihudi mwenye kilemba chake alitua kwenye bustani ya nyumba namba saba, akawa anadonoa nyasi kama mtu aliyeangusha ufunguo. Halafu mafundi wa viyoyozi wakaanza kupanda mapaa. Hiyo nayo ni dalili, tena kubwa kuliko ya ndege. Jioni alimwandikia mkewe Emily kila alichokiona, na Emily akamjibu: "Baba Mghoi, ulienda kulinda au kuhesabu ndege?"

Alikuwa anahesabu siku. Likizo yake ya kwanza ilikuwa Aprili. Mtoto wake Mghoi alizaliwa miezi minne baada ya baba yake kupanda ndege. Alimjua kama sauti inayotoka kwenye simu, na mara moja alimuuliza mama yake kama baba ana miguu. Gerishon aliwahi kuona wenzake wawili wakirudishwa nyumbani ndani ya sanduku, mmoja moyo, mwingine hakuna aliyesema ni nini. Yeye alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kufika Wundanyi mwezi wa nne akiwa hai, kwa miguu yake miwili, mtoto aione.

Nyuma ya mtaa wake kulikuwa na jumba lililosimama peke yake, na kati ya kuta mbili ujia mwembamba wa mchanga. Kona yake ya nne ilikuwa humo. Lile jumba lilikuwa tupu tangu Desemba. Mapazia ya chuma yalishushwa, karatasi za matangazo ya mikahawa zilijazana kwenye geti, na vumbi juu ya kengele lilikuwa halijaguswa na kidole. Hata paka, ambao Doha wako kila mahali, hawakulala pale. Ndani ya ujia ule kelele za barabara zilikatika ghafla, ukabaki unasikia kitambaa cha suruali yako mwenyewe.

Humo ndimo alimoona kijani. Ilikuwa chini kabisa ya ukuta wa lile jumba, na alidhani ni mfuko wa plastiki. Akasogea. Akachuchumaa. Akakata jani moja, akalitafuna, na uchungu wake ukampanda mpaka puani.

"Mnavu!" alisema kwa sauti, peke yake, kama mtu aliyekutana na shangazi yake sokoni.

Mnavu, wengine wanauita managu, ulikuwa umeota pale mashina kumi na matano au ishirini, mfupi, mweusi kwa afya. Mchanga wake ulikuwa umelowa. Gerishon alijipa maelezo harakaharaka, maana mtu akipewa tunda hataki kuambiwa habari za mti: ndege hula mbegu, ndege hunya mbegu, na bomba fulani linavuja. Alichuma ncha tu, kama mama yake alivyomfundisha, ili shina litoe matawi. Akajaza kofia.

Kempu ya kampuni ilikuwa upande wa Al Wukair, na chumbani mwake alilala na Collins, Mluhya wa Kakamega, mlinzi wa benki, mwenye mdomo usiopoa. Collins alipoona kile kilichokuwa ndani ya kofia alisimama wima.

"Buda! Managu? Umeitoa wapi?"

"Imeota tu."

"Hapa haioti kitu tu. Lakini leta, tutauliza maswali tukishashiba."

Waliona wamefika kwao usiku ule. Na keshokutwa tena, na baada ya hapo tena. Wiki tatu nzima Gerishon alikuwa anachuma kila siku ya pili, na mnavu ulikuwa unachipua mbele ya mkono wake. Alimwambia Emily kwamba Mungu amemkumbuka jangwani.

Ila sasa ukitazama kitu kila siku, nacho huanza kukutazama. Kwanza aliona kwamba mchanga ulikuwa na maji mapya kila asubuhi, na bomba linalovuja halichagui saa. Pili, kuna majani yaliyokuwa yamechumwa ambayo hakuyachuma yeye, yale makubwa ya chini, yamekatwa kwa ukucha, safi. Tatu ndilo lililomkaa tumboni. Mchanga wa ule ujia ulikuwa laini, unaandika kila kitu, hata miguu ya shomoro. Na nyayo zilizokuwapo zilikuwa za buti zake yeye, za jana, za juzi, zinakuja na kurudi. Za mtu mwingine hazikuwapo hata moja.

Akaanza kuliona umbo lake. Mnavu haukuota ovyo. Uliota kwa nusu duara, kama sinia lililokatwa katikati, na pale katikati, kwenye ukuta wenyewe, palikuwa na tundu la kutolea maji lenye upana wa mfuniko wa sufuria. Ndani yake giza. Siku moja alipokuwa ameinama, kitu kilijiburuta humo ndani, pole sana, kama nguo inayovutwa sakafuni, kisha kikanyamaza. Kilinyamaza namna kinavyonyamaza kitu kinachosikiliza.

"Paka," alisema Gerishon. Sauti yake haikumridhisha hata yeye mwenyewe. Lakini alichuma, kwa kuwa tamaa haina masikio.

Jumapili ya mwisho ya Februari alikuta kago.

Vijiti vitatu vilikuwa vimechomekwa katikati ya mnavu. Juu ya kimoja palikuwa na ganda la yai, na vyote vitatu vimefungwa kipande cha kitambaa cheusi, mafundo saba. Ndani ya fundo la mwisho kulikuwa na nywele, nywele za mtu, nyeusi za kipilipili. Si za mwenyeji wa nchi ile. Za kwao.

Jua lilikuwa kali naye alisikia baridi mgongoni. Kila mtoto wa shamba anajua maana ya vitu vile: shamba limekagwa, lina mwenyewe, na atakayekula asichopanda atajuta. Kwao alikuwako mzee mmoja aliyeiba muhogo kwenye shamba lililokagwa. Tumbo lilimvimba mpaka wakamfungua mshipi, na watoto wote, Gerishon miongoni mwao, walipelekwa kumtazama ili wajifunze. Yeye alikuwa amekula siku ishirini. Siku za mwizi ni arobaini, lakini nani alisema uganga unahesabu kama watu?

Usiku huo tumbo lilimsokota. Alipomsimulia Collins, Collins alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mchawi apate visa ya Qatar? Nani alimpa kazi?"

Alicheka, ndiyo. Kisha akainuka kimyakimya, akatoa mnavu uliobaki kwenye friji, akautupa nje ya geti la kempu, na akanawa mikono mara mbili.

Tangu siku ile Gerishon aliipita kona ya nne mbio, uso mbele, kifaa mkononi, anagusisha na kupotea. Mwili ulianza kumtoka. Chakula alikiacha sahanini, na akiamka usiku alijipapasa tumbo kuona kama limevimba. Aliandika barua kwa Emily kuhusu kiwanja na ng'ombe, barua ya mtu anayeaga, akaiweka chini ya godoro. Wakati huohuo miarobaini ilimaliza kujivika majani, maua ya bustani yalifumuka, mbayuwayu walipita juu wakielekea kaskazini, naye hakuandika hata moja. Siku zile uhai wa mtu ulikuwa unapungua kidogokidogo pale Abu Hamour, na Gerishon alikuwa na hakika kwamba ni wake.

Siku ya tisa, mchana, alipokuwa anapita, ukuta uligonga.

Ko. Ko. Ko.

Mara tatu, chini, usawa wa magoti. Akasimama. Hakutaka kusimama, miguu ndiyo iliyosimama. Kisha tena: ko, ko, ko, safari hii dhaifu zaidi, na baada yake sauti iliyofanana na pumzi inayotafuta neno. Wazee wamesema ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Gerishon aliwatii wazee. Alikimbia mpaka kwenye kibanda chake cha getini, akajifungia, na kona ya nne siku ile haikuguswa tena. Msimamizi alimkata siku moja ya mshahara, naye hakujali.

Ijumaa, siku ya mapumziko ambayo hata Wakristo wa huko huitumia kuabudu, alikwenda Mesaimeer, kwenye makanisa, hali amekonda hata kola ya shati inamzunguka shingoni. Baada ya ibada alimtafuta Milka, muuguzi wa hospitali moja ya jijini, Mkisii mwenye kimo kifupi na subira fupi kuliko kimo. Alitaka dawa ya tumbo, na kama inawezekana maombi, vyote viwili, maana hakujua ugonjwa wake uko upande gani. Walisimama kwenye kivuli cha ukuta huku watu wakiagana pembeni. Alimweleza yote, kuanzia kofia ya kwanza ya mboga mpaka kugonga. Milka alimsikiliza akiwa amekunja mikono.

"Tumbo lako halina kitu," alisema. "Ni woga. Lakini nijibu swali moja, Baba Mghoi. Huo mnavu, nani anaumwagilia?"

"Ndiyo hilo ninalokwambia. Hakuna mtu. Hakuna hata unyayo."

"Hapa Doha? Hapa jani likikosa maji siku mbili linakuwa ugoro. Wewe ni mtu wa shamba, ama ulisahau? Mchawi gani huyo anaamka asubuhi kumwagilia mboga?" Gerishon aliona uso wake ukibadilika, ukali ukimtoka na kitu kingine kuingia. "Nusu duara, umesema. Kutoka kwa tundu. Kubwa kiasi gani?"

Gerishon alinyoosha mkono wake kuonyesha. Aliunyoosha mpaka mwisho, kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole, na hapo akauona. Wote wawili waliutazama ule mkono. Gerishon alipoinua macho, Milka alikuwa tayari anaelekea barabarani kusimamisha teksi.

Walifika saa saba mchana, saa ambayo Ijumaa huko haina hata mbwa njiani. Ndani ya ujia hewa ilisimama. Vijiti vitatu vilikuwapo bado na lile ganda la yai. Mnavu haukuwapo. Palibaki visiki, vimetafunwa mpaka usawa wa mchanga, vingine vimeng'olewa na mizizi, na mchanga wenyewe ulikuwa mkavu, umepasuka. Gerishon aliushika ukamwagika kati ya vidole vyake kama unga.

"Maji yamekatika," alisema. "Siku nne. Labda tano."

Tundu lilikuwa jeusi kama kawaida yake. Alitaka kukimbia, tusimpambe. Magoti yalikuwa yamekwisha geuka. Milka alimshika mkono wa shati.

"Piga hodi."

"Wapi? Kwenye shimo?"

"Hapo ndipo mlango wake ulipo. Piga hodi kama mtu aliyelelewa."

Akapiga magoti kwenye nyayo zake mwenyewe. "Hodi," alisema chinichini. "Hodi! Hodi hapa!"

Walingoja. Jua liliwapiga kisogoni. Kisha kutoka chini ya ardhi, hivyo ndivyo ilivyosikika, ikaja sauti iliyokauka, isiyo na umri wala jinsia, ikasema neno moja.

"Karibu."

Nywele za Gerishon zilisimama. Milka alishalala kifudifudi mchangani na nguo yake ya kanisani, mdomo kwenye tundu. "Mama, wewe ni nani? Uko na nani?"

"Hadijah. Niko peke yangu, nnyabo. Natoka Masaka, Uganda."

Ilitoka vipandevipande, na kati ya kipande na kipande walisikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa. Alikuwa mfanyakazi wa ndani. Familia ilisafiri Desemba, wakaacha wamefunga mageti kwa nje na simu yake wakaenda nayo. Ndugu wa bwana alikuwa aje kila wiki na chakula. Alikuja mara tatu, akaacha kuja. Uani kote kulikuwa na vigae. Udongo pekee aliouona ulikuwa ng'ambo ya tundu. Alikuwa na mbegu alizofungiwa na mama yake kwenye pindo la leso. Alipanda mpaka pale mkono ulipofika.

"Kwa nini hukupiga kelele?" aliuliza Gerishon. Lilikuwa swali la mtu aliyeshiba, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

"Waliniambia nikionekana nje, polisi watasema nimetoroka." Pumzi. "Halafu kuna mtu. Kila siku buti, na mkono. Mkono unachukua mboga. Nikasema huyu ni wao, anangoja nitoke. Nilikuwa naogopa huyo mtu sana. Ndio nikafunga nywele yangu, nikaweka yai. Mimi sijui uchawi. Nilikuwa nataka tu aache kidogo. Na akaacha." Kisha, polepole: "Maji yalipoisha nikagonga, huyo huyo anisikie. Akakimbia."

Gerishon alifunga macho. Siku ishirini alikuwa amejaza kofia.

"Ni mimi," alisema. "Hadijah, ni mimi. Ile mboga niliila mimi na mwenzangu. Na ulipogonga nilikimbia."

Milka alikuwa ametoa chupa ya maji kwenye mkoba, akaipitisha tunduni na mkono wake wote. "Lowesha midomo kwanza. Kidogo. Usinywe kwa pupa, utatapika." Walisikia kizibo kikihangaishwa na vidole visivyo na nguvu, muda mrefu. Milka akainuka, akasogea pembeni na simu, akaanza kuwaeleza watu wa ambulansi na polisi, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu cha wodini, kwa sauti ambayo haikumwachia mtu nafasi ya kusema subiri.

Gerishon alibaki pale chini. Alisema nisamehe. Alisema tena. Alisema wanakuja sasa hivi, watavunja geti, usilale, tafadhali usilale, ongea nami.

"Ssebo," ilisema ile sauti. Sasa ilikuwa ya mwanamke, mdogo, huenda hajafika thelathini. "Mboga yangu. Mulipika na nini?"

Hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Vitunguu," alisema. "Vitunguu viwili, tulivikaanga mpaka vikawa rangi ya dhahabu."

"Eeh."

"Nyanya. Tukaziacha ziive mpaka mafuta yakapanda juu. Halafu mnavu. Tulimwaga maji ya kwanza ili uchungu upungue."

"Hapana," alisema Hadijah. "Ile maji ya kwanza mungeacha."

"Tungeacha. Ndiyo." Alikuwa analia waziwazi sasa, paji la uso limegusa ukuta. "Mwisho tukatia maziwa mazito. Na ugali, wa kukaza, unashika mkono."

"Ulikuwa mtamu?"

Mbali, upande wa barabara kubwa, king'ora kilianza kusikika. Gerishon alitamani amwambie hapana.

"Ulikuwa mtamu sana," alisema.

"Endelea," alisema Hadijah. "Mulikaa namna gani? Nani alikula mwisho?"